Friza ya Mama na Elfu Arobaini na Tano

Kaka yetu aliyeko Muscat alimtumia mama friza, ahifadhie samaki na kugandishia barafu za kuuza dirishani, kwetu Nyakato, Mwanza. Wiki mbili nyumba nzima iliishi kwa ajili ya friza hiyo. Fundi aling'oa fremu ya mlango wa jikoni, kabati la vyombo likahamia chumbani kwa wajukuu, na mama, asiyekopa hata chumvi, akamwagiza mjomba sangara kilo 40 kutoka mwaloni Kirumba.

Hesabu ya kodi niliipiga mimi. Thamani ya forodha ni bei ya ankara pamoja na nauli na bima hadi bandarini. Yetu ilifika shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18. Nikajumlisha, nikapata 43. Mama akafungua kibubu cha maandazi, akahesabu 430,000, tukamtumia wakala Dar es Salaam. Akasema lori litaondoka Jumanne.

Alhamisi alfajiri sangara wakashushwa uani, magamba yangali yanameta. Saa mbili simu ikaita. Lori lilikwishaondoka bila friza. "Mama, imepungua 45,000 na ushee. Mzigo hautoki."

Mama alinitazama, hakusema neno.

Nilichokosea ni hiki. VAT haikai kando ya ushuru, hukaa juu yake. Sheria ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inataka kwanza thamani ya mzigo ijumlishwe na ushuru na tozo nyingine za kuingiza bidhaa, ndipo asilimia 18 ipigwe. Hata tukiziacha hizo tozo, milioni moja na ushuru wake wa 250,000 ni 1,250,000, na VAT yake ni 225,000, si 180,000 niliyoandika mimi. Elfu 45 zilizopungua ni kodi iliyotozwa juu ya ushuru.

Jua lilikuwa limeshapanda. Mama alivua kitenge cha kutokea, akajifunga cha kazi, akatuma mtoto dukani kwa chumvi ya mawe. Jirani yetu mzaliwa wa Ukerewe aliruka uzio na kisu chake mwenyewe. Tulipasua sangara mgongoni, tukawachana, tukawapaka chumvi, tukawapanga juu ya mabati ya banda la kuku. Shangazi alikaa na fimbo kufukuza kunguru na paka hadi magharibi. Kilo 40 za kitoweo cha friza zikageuka kayabo, ile ile inayovushwa kwenda Kongo. Mikono yangu iliwaka chumvi siku mbili.

Usiku mama akauliza: "Kwani kaka yako hakulipa kodi huko?" Alilipa. Oman ilianza kutoza VAT ya asilimia 5 Aprili 2021, na alinunua dukani kama mteja yeyote. Huku ilibidi tulipe tena, kwa kuwa kodi hii hulipwa mahali bidhaa inapotumika, ili friza ya nje isiingie nyepesi kuliko ya dukani Mwanza. Hilo nalikubali.

Lisiloniingia moyoni ni jingine. Hoteli iliyosajiliwa kwa VAT ikiagiza friza kama hii, zile 225,000 huziondoa kwenye kodi inayowasilisha Mamlaka ya Mapato. Usajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka. Mama anauza barafu za shilingi mia. Kodi ile ameibeba peke yake hadi mwisho, na hakuna fomu ya kumrudishia.

Ijumaa alikopa kwenye kikoba chake, mara ya kwanza tangu ajiunge. Jumatatu friza ikafika, ikapita mlangoni ikibakiza upana wa kidole. Alipoifungua hakuwa na samaki wa kuweka. Akaweka maji.

Mimi ndiye ninayelipa rejesho la kikoba.