Elimu ya Kuponyoka: Hotuba kwa Umma wa Kericho

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa bodaboda mliojibanza hapa kukwepa mvua ya alasiri: chamgei! Mbele yenu amesimama Daktari Bingwa wa Elimu ya Utoro, shahada niliyojitunukia mwenyewe kwa kukosa wa kunitahini.

Kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu chasema anayetoroka kizuizi halali ametenda kosa dogo. Dogo! Kwa kifungu cha 36, adhabu haizidi miaka 2, au faini, au vyote. Halafu kifungu cha 389: aliyejaribu akashindwa hukatiwa nusu. Yaani Serikali, kwa huruma zake, inamsamehe mwaka mzima bwana aliyenaswa kwenye seng'enge, kaptula imebaki juu, mwenyewe chini. Uzembe una punguzo! Na shemeji aliyempenyezea kamba? Kifungu cha 124: miaka 7. Mpanda ukuta 2, mleta kamba 7. Nawaasa kitaalamu: ndugu yenu akiwa ndani, mpelekeeni salamu tu.

Ujerumani, kutoroka peke yake si kosa. Wanashika waliomsaidia mtoro, na yeye wanamdai alichovunja. Wanasema binadamu ameumbwa kupenda uhuru. Maneno ya watu wasio na majani chai! Kericho hatuhitaji hata sheria. Michai imekatwa kiunoni, sawasawa kama meza. Ukisimama, kilima kizima kinakuona. Ukiinama, matawi yameshikana, hupenyi. Ukifuata kijia, unakutana na mama mwenye kikapu mgongoni anayejua kila mtu wa kambi ya wachuma chai, na wewe hakujui.

Mwaka 2021 wafungwa watatu walitoroka Kamiti, gereza la ulinzi mkali, Serikali ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 60. Siku chache baadaye wakanaswa Kitui, wanakijiji wakiwa wamewashuku. Na Kitui, wazee wangu, kuna vichaka!

Nikija kwenye kifungu cha 388, ambacho mawakili wengi hukipita mbio, jaribio huanza pale unapoanza kutekeleza nia yako kwa kitendo cha wazi. Kughairi njiani hakukuokoi na hatia. Hakimu aweza tu kukupunguzia...

Wewe mzee wa koti la mvua! Nimekuona ukinyata kuelekea mlangoni. Keti. Hata ukiketi, kosa limekwishatimia.