Simu Yangu, Ruhusa ya Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Daftari linalomkataa mwenyewe hawakulitaja.

Mimi ni mnunuzi wa omena hapa Remba, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay ambako mabati yamebanana hivi kwamba ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuambia pole. Madeni yangu nimeyaandika kwenye programu ya hesabu ndani ya simu: nani kachukua pesa ya mafuta, nani kaahidi omena mwezi ukiwa giza. Juzi nikanunua simu nyingine, nikataka kuhamisha faili ya programu hiyo. Nikaingia folda ya Android, nikabonyeza ile iitwayo data. Simu ikanijibu kwamba, ili kulinda faragha yangu, nichague folda nyingine.

Faragha yangu, nifichwe mimi! Deni nimeandika kwa kidole changu, leo naambiwa ni siri.

Nikampelekea fundi wa simu. "Mama, simu ni yako, lakini humo ndani wewe si mkubwa," akasema. Kumbe tangu Android 11, ya mwaka 2020, folda ile imefungwa.

Akanieleza kwamba ndani ya Android kuna mfumo wa Linux, na keneli yake, yaani kiini chake, ndiyo inayoamua nani aguse faili gani. Kila programu ikiwekwa hupewa namba yake ya mtumiaji, utadhani ni mtu mwenye kitambulisho. Faili ikiombwa, keneli haiulizi nani alilipa dukani, inasoma namba. Utaratibu huo umerithiwa kutoka mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara ya Bell Labs mwaka 1969: kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, halafu kuna wengine wote, na kila upande umeandikiwa kama unaweza kusoma, kuandika au kuendesha. Hapo nilielewa upesi, maana ndivyo boti zetu zilivyo: tajiri, wavuvi wake, halafu sisi tunaosubiri ufuoni na beseni. Kwenye simu niliyoinunua mwenyewe, niko upande wa beseni.

Na kama ilivyo ziwani, yuko asiyeulizwa ruhusa. Kwenye Linux ni ruti, mtumiaji namba 0. Ziwani ni yule anayekuja na injini kubwa na bunduki. Ukimwonyesha leseni, anatazama samaki. Mwenye nguvu mpishe.

Tofauti ni kwamba watu wa kompyuta waliiona hatari hiyo. Linux 2.2, mwaka 1999, ilianza kuyakata madaraka ya ruti vipande. Kipande cha kupuuza ruhusa za faili kikaitwa CAP_DAC_OVERRIDE, ili programu inayokihitaji ipewe hicho tu, isikabidhiwe ufalme mzima. Kisha ikaja kinga iitwayo SELinux, iliyoanzia kwa majasusi wa NSA wa Marekani, na tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 inatumika kwa ukali katika mfumo mzima: hata ruti akigusa kisichomhusu, anarudishwa. Majasusi ndio waliotuletea kufuli! Lakini kufuli ni zuri. Bila hilo, kaprogramu ka tochi kangeweza kusoma nani ananidai na nani namdai.

"Basi nifanye niwe ruti," nikamwambia fundi. Akakuna kichwa. Kwanza, kuifungua simu ile kutakifuta kila kilichomo. Pili, programu nyingi za benki zikigundua simu ina ruti hugoma kufanya kazi. Yaani nichome daftari ndipo niruhusiwe kulisoma, na benki nayo inifungie mlango.

Ulinzi siupingi. Ninachopinga ni mwenye mali kuhesabiwa kuwa mgeni, ilhali waliotengeneza simu wamejibakizia funguo zote. Enyi waandishi wa programu, wekeni kitufe cha kutoa nakala. Keneli haimkatazi mwenye faili kuitoa, na mwenye faili kwa macho yake ni programu yenu. Nawe msomaji, kabla hujaandika deni la kwanza, kitafute kitufe hicho. Usipokiona, kanunue daftari la karatasi.