Sifa za Bao Moja kwa Bila

Ushindi wa bao moja kwa bila, unaopatikana nyumbani mwezi wa Februari na timu ya daraja la chini inayowania kupanda, ndio ushindi bora kuliko wote unaojulikana katika mpira wa miguu. Hauonyeshwi kwenye televisheni, hausimuliwi na wasiokuwepo, na mara nyingi hata aliyefunga hana hakika kama ni yeye. Wanaoudharau ni wale waliouona. Kwa hiyo mtu anayetaka kuutathmini kwa haki inafaa autazame kupitia msimamo wa ligi, ambako unasomeka vizuri sana.

Makao yake hasa ni Uingereza, chini ya zile klabu 92 za madaraja manne ya juu. Kinachofuata hapo huitwa soka la nje ya ligi, ingawa limejaa ligi kuliko mahali pengine popote: daraja la tano, yaani National League, lina moja, la sita lina mbili, la saba nne, la nane nane, na ngazi zinaendelea kushuka hadi kwenye viwanja vya wazi ambako kabla ya mechi kuna mtu wa kuokota kinyesi cha mbwa. Mtazamaji wa kibanda umiza cha Dar es Salaam, anayezijua klabu 20 za juu hadi majina ya makipa wa akiba, hajapata kuoneshwa huku. Wachezaji wengi ni mafundi lipu, walimu, madereva na wanafunzi, nao hufanya mazoezi jioni baada ya kazi. Jamie Vardy alipokuwa Stocksbridge Park Steels alikuwa pia kibarua wa kiwandani, akitengeneza vifaa vya kitabibu; mwaka 2016 akawa bingwa wa England na Leicester City. Habari hiyo husimuliwa kila mara kana kwamba kiwanda ndicho kilichokuwa kikwazo, wakati inajulikana kuwa hakuna kinachomwandaa mshambuliaji kwa mabeki wa daraja la saba kama kusimama zamu nzima.

Kiungo cha kwanza cha ushindi huu ni uwanja mbovu. Asubuhi ya mechi refa huja kuukagua, hudondosha mpira sehemu iliyolowa zaidi na kutazama kama utadunda. Watu wa kujitolea, wengi wao wazee, huwa tayari wamekwisha kuichoma ardhi kwa uma za bustani ili maji yazame, na kumwaga mchanga mbele ya magoli. Wanachokiokoa si uwanja mzuri, ni uwanja unaochezeka, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo mtaji wa timu mwenyeji. Wageni waliozoea kupiga pasi fupi hugundua kuwa mpira umesimama katikati ya safari. Mwenyeji haumii, kwa sababu hakuwa na mpango wa kupiga pasi fupi.

Mteremko ni bora zaidi ya matope, maana haukauki. Uwanja wa zamani wa Yeovil Town, ulioitwa Huish, uliinama upande mmoja kwa namna iliyojulikana nchi nzima. Januari 1949 Sunderland, timu ya daraja la kwanza iliyosifika kwa kumwaga fedha kwenye usajili, ilifika hapo katika mchezo wa Kombe la FA ikafungwa 2-1 baada ya muda wa nyongeza, na moja ya mabao hayo lilitiwa na Alec Stock, aliyekuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Ukungu nao ulishuka kusaidia. Yeovil ilihama mwaka 1990, na palipokuwa na mteremko ule pakajengwa supamaketi, jambo linaloonesha jinsi mali ya taifa inavyoweza kupotea.

Bao lenyewe hupatikana kwa kona. Upepo huubadili mpira nia, kipa wa wageni hutoka, kisha hujutia kutoka, na katikati ya miguu kumi na minne mpira hugonga ugoko wa mtu na kuvuka mstari taratibu, bila haraka yoyote. Bao la kideo humtukuza mfungaji peke yake. Hili hugawanyika kwa haki: mpigaji kona ana sehemu yake, beki aliyemkanyaga kipa ana yake, na mwenye ugoko ana yake. Mtangazaji wa uwanjani hutaja jina moja, na baada ya dakika kumi hulirekebisha.

Dakika zinazobaki ni za ulinzi, na hapa ndipo ufundi ulipo. Timu hupaki basi. Kipa huvua glovu ili azivae upya. Beki wa kati huubutua mpira juu ya paa la jukwaa hadi kwenye bustani ya jirani, na mipira mizima ni mitatu tu, kwa hiyo mtoto mmoja hutumwa kugonga mlango. Mshambuliaji aliyebadilishwa hutoka uwanjani akimpongeza kila mtu anayempita, wakiwemo wapinzani. Wageni hulalamika kwamba huo si mpira. Malalamiko hayo ni ya kweli kabisa na hayajawahi kubadili matokeo.

Nguvu ya mashabiki nayo ina mantiki yake. Watu mia tatu hawawezi kumtisha refa kwa wingi, lakini husimama kwenye reli hatua mbili kutoka kwa mshika kibendera, naye husikia kila neno na kumtambua msemaji kwa sauti. Kipindi cha pili wote huhama na kwenda nyuma ya goli linaloshambuliwa, kwa kuwa hakuna aliyekata tiketi ya kiti, ili kipa wa wageni asikose wa kumshauri.

Kwa upande wa hesabu, ligi ya daraja la saba ina timu 22, mechi 42, na 21 kati ya hizo ni za nyumbani. Ishirini na moja mara tatu ni 63. Timu inaweza kufikisha pointi hizo kwa mabao 21 tu, yote ya ugoko, bila kumpendeza mtu hata mmoja. Anayeshinda 4-0 hupewa pointi zilezile tatu. Yale mabao mengine ni mapambo, ukiondoa tofauti ya mabao, ambayo watu huikumbuka Aprili wakiwa na hofu. Zaidi ya hapo, mechi za mchujo za daraja hilo huchezwa mara moja tu, kwenye uwanja wa aliyemaliza juu zaidi, hivyo aliyevumilia Februari huzawadiwa matope yake tena mwishoni mwa msimu.

Si kila zama ziliheshimu jambo hili. Kati ya 1983 na 1986, daraja la tano lilitoa pointi tatu kwa ushindi wa ugenini na mbili tu kwa wa nyumbani, ili timu zishambulie zikisafiri. Ilikuwa kodi ya wazi juu ya ukaaji. Ilifutwa, na tangu 1987, Scarborough ilipokuwa bingwa wa kwanza wa daraja hilo kupandishwa moja kwa moja, ushindi wa nyumbani umekuwa na mahali pa kumpeleka mtu.

Wapo wanaotaja, kama mfano wa kinyume, Wrexham dhidi ya Notts County katika daraja hilohilo, tarehe 10 Aprili 2023. Wrexham ilishinda nyumbani 3-2, na dakika za nyongeza Ben Foster, kipa aliyerudi kutoka kustaafu, akaokoa penalti. Yalihitajika mabao matatu na penalti kufanya kazi ya bao moja, ubadhirifu unaoeleweka kwa klabu yenye wamiliki waigizaji. Wrexham ilimaliza na pointi 111. Notts County, iliyomaliza na 107, ilibidi ipitie mchujo, kwa kuwa nafasi ya kupanda moja kwa moja ilikuwa moja.

Uwanja unaozalisha ushindi huu, hata hivyo, ndio huohuo unaoweza kuzuia kupanda. Kidderminster Harriers walitwaa ubingwa wa daraja la tano mwaka 1994, Macclesfield Town 1995, Stevenage Borough 1996, na wote watatu walikataliwa kupanda kwa sababu viwanja vyao havikutimiza masharti. Truro City ya Cornwall ilijifunza somo la upande wa pili: ilikuwa ikicheza mechi za “nyumbani” hadi Gloucester kwa kukosa uwanja, ikapata wake mwaka 2024, na msimu wa kwanza tu hapo ikapanda daraja la tano.

Matunda ya kupanda yanajulikana. Uwanja husawazishwa na maji hutolewa kwa mabomba. Safari hurefuka: Truro hadi Gateshead, waliokuwa wapinzani wake baada ya kupanda, ni zaidi ya kilomita 700. Na kwa sheria ya 1985, katika madaraja matano ya juu shabiki haruhusiwi kunywa pombe akiwa anauona uwanja, ilhali wa daraja la sita husimama kwenye reli na glasi yake mkononi. Klabu inayosukumana kutoka la sita kwenda la tano inapigana, kwa moyo wote, kuipoteza haki hiyo. Ikishuka tena, hurudishiwa bila kuandika barua.