Barua ya wazi kwa watahini wa insha, juu ya ukaidi wa mbingu za Kisii

Waheshimiwa Watahini,

Mimi mzazi wa Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira hugombania ushuru wake lakini hapana inayogombania matope yake, naleta kwenu mashtaka dhidi ya mbingu zetu, ambazo tangu azali zimekataa kutii kanuni za insha bora.

Watoto wetu, kwa hisani ya vitabu vya misamiati, wamekwisha kuhifadhi ya kwamba kila tukio duniani huanza asubuhi moja, jua la matlai likichomoza na ndege wakitumbuiza mitini. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 azitafute alama 40 za insha, na kwa mwendo huo hapana mwenye akili timamu ambaye angepoteza alama kwa kuchungulia dirishani. Mtihani ulikwenda, jua lile likabaki.

Ilhali mbingu zetu hazina adabu. Asubuhi hujifunika ukungu juu ya michai, na alasiri, upepo wa Ziwa Victoria ukiisha kupanda vilima vyetu, hunyesha, aghalabu mvua ya mawe. Binti mmoja wa gredi ya nne alithubutu kuandika: “Mvua ya mawe ilipopita, majani yalikuwa na matundu, shamba lote likanuka chai mbichi, na nyanya akasema bonasi imekwenda.” Pembeni akaandikiwa kwa wino mwekundu: msamiati hafifu, hakuna methali, hakuna tashbihi. Mwenzake wa kule Tabaka, Kisii, ambaye kila Jumamosi husugua sanamu za viboko za mawe ya sabuni kwa msasa ndani ya karai hadi maji yageuke meupe na vidole vinywee, alipoambiwa aeleze kazi ya mikono alimweleza, kwa ufasaha wa kutisha, fundi aundaye jahazi pwani. Huyo alipigiwa makofi ya kilo.

Basi, kwa kuwa insha haiwezi kukosea, twaomba mbingu ndizo zisahihishwe: mvua ihamishiwe usiku, ukungu upigwe marufuku siku za shule, na jahazi moja, hata likiwa kuukuu, lipandishwe hadi Tabaka. Na ikiwa bajeti haitoshi, yule binti aruhusiwe kuandika alichokiona, walau katika zoezi lisilo na alama. Nasi twaahidi kwamba habari hiyo haitavuja nje ya darasa.

Wasalaam,
Mzazi, Keroka