Kichwa Kimeitikia, Mwenyewe Hayupo

Hakuna shahidi mwongo kama kichwa cha abiria wa mchomoko. Pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo, dereva haondoki mpaka gari lijae, na likishajaa anaongeza wengine. Mzee mmoja tuliyebanana naye kiti cha nyuma alianza kusinzia kabla hatujafika Lusahunga. Kila shimo lilimwinamisha kichwa, kila tuta likamwinua.

Tulipofika Benaco, barabara ya Rusumo inapoachana na ya Ngara mjini, dereva akauliza: "Mzee, unashuka hapa?"

Kichwa kikaenda chini, kikarudi juu.

Mlango ukafunguliwa, gunia la maharage likatangulia, mzee akafuata akipepesa macho. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka aliposhtuka na kutukimbilia, fimbo juu, akipiga kelele kuwa yeye ni wa Kabanga, mpakani na Burundi.

"Si umeitikia mwenyewe, mzee wangu?"

"Nimeitikia nini? Mimi nilikuwa nimelala!"

Abiria tukagawanyika kambi mbili. Mama mmoja alishikilia kwamba kichwa ni cha mzee, kwa hiyo na jibu ni lake. Mjadala ule ulitufikisha Ngara mjini bila mtu kukumbuka ubovu wa gari.

Walioko macho nao si wa kuaminika. Vijana wa bodaboda huitikia kwa kichwa wakiongea na simu, huku wa upande wa pili akiuliza, "Haloo, upo?" Waganda wametuzidi akili hapa: wao huinua nyusi tu, na jibu ni ndiyo. Angalau aliyelala hawezi kuinua nyusi.

Rusumo ndiko kichwa kinakobebeshwa kazi nzito. Sisi tunaendesha kushoto, Wanyarwanda kulia, kwa hiyo kila gari linalovuka Mto Kagera lazima lihame upande. Madereva wawili wa malori wakitazamana, huyu huinamisha kichwa akimaanisha "tangulia", na yule vilevile. Wote wanasubiri. Kisha wote wanainamisha tena, kwa maana ya "asante", wote wanaondoka, na wote wanakanyaga breki. Nyuma yao honi zinalia kwa Kiswahili na Kinyarwanda.

Ila kesi kubwa niliyoishuhudia ni ya kikao cha kijiji, huko huko Ngara. Mzee mmoja Mhangaza aliinamisha kichwa tangu mwenyekiti alipoanza kueleza mchango wa madawati hadi alipomaliza. Akaandikwa kuwa ameafiki. Mkusanyaji alipobisha hodi kwake, mzee alishangaa kwa dhati: "Mwanangu, nilikuwa naitikia kwamba nasikia. Kusikia nako kunalipiwa?"

Mkusanyaji akaondoka mikono mitupu. Siku hizi pale kijijini mwenyekiti anataka mkono ulionyooka na jina litamkwe. Anayeinamisha kichwa anaandikwa kuwa amehudhuria tu.