Sifa za Fyuzi Iliyoungua

Kati ya vitu vyote vilivyomo ndani ya amplifaya ya gitaa, hakuna kinachotukanwa kama fyuzi ndogo ya saketi ya swichi ya mguu, na hakuna kinachostahili sifa zaidi yake. Spika husifiwa kwa sauti nene, valvu husifiwa kwa utamu, hata kasha hupigwa picha. Fyuzi ni kijibomba cha kioo, mara nyingi chenye urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 5, ambacho ajira yake ni moja tu: kufa kwa wakati. Nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alishauri vituo vya telegrafu vitumie waya mwembamba utakaokatika kabla radi haijafika kwenye mitambo, na mwaka 1890 Edison akapata hataza ya fyuzi. Ukoo uliopewa kazi ya kufa kwa ajili ya wengine tangu enzi za telegrafu haufai kuitwa takataka na mtu aliyejifunza gitaa juzi.

Tena angalia adabu yake. Fyuzi kuu ya umeme wa ukutani ikikatika, amplifaya yote huzima na bendi hubaki ikitazamana. Hii ya swichi ya mguu haina makuu. Ikiungua, mara nyingi gitaa huendelea kulia kama kawaida; kinachokoma ni kuhama chaneli. Rilei zinazobadilisha sauti safi kuwa ya mkwaruzo hukosa volti zake chache, taa za swichi haziwaki, na mpiga solo hubaki akikanyagakanyaga jukwaani kama anayeua mende. Wasikilizaji hawajui lolote. Wanachosikia ni solo inayopigwa kwa sauti safi, na hapo ndipo vidole vinapopimwa, maana mkwaruzo umewasitiri wengi. Sijui chombo kingine cha muziki kinachotoa mtihani huo bila ada.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni ukweli. Vipuri vingine vinapoharibika hudanganya: kapasita huvuja kimyakimya, soketi hugusa leo na kukataa kesho. Fyuzi huacha ushahidi kwenye kioo. Kikiwa cheusi, kimetapakaa chembe za madini, kulikuwa na shoti kali. Unyuzi ukiwa umekatika pole pole na kioo kikabaki safi, mzigo ulizidi kidogo tu au uzee umefika. Kisha, kwa fundi mwenye subira, hata nafasi iliyoachwa na marehemu huendelea kusema. Weka hapo kwa muda balbu ndogo ya indiketa ya pikipiki, kwa saketi ya volti 12. Ikiwaka sana hali swichi ya mguu haijachomekwa, mkosaji yumo ndani: dayodi za kunyoosha umeme, au kapasita iliyo karibu nazo. Ikiwaka baada ya kuchomeka, shika waya wa swichi, hasa kwa amplifaya zinazopeleka volti hadi chini kuwasha taa za swichi. Waya unaokanyagwa kila wikendi lazima siku moja uchubuke. Ikisubiri hadi ubonyeze kitufe, tazama rilei ya kitufe hicho na dayodi iliyofungwa sambamba nayo. (Haya yote kwa amplifaya ya valvu ni ya fundi anayejua kwamba kapasita zake zinaweza kushika volti 400 na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Fyuzi hufa kwa hiari. Wewe hukuajiriwa kwa kazi hiyo.)

Wapo watakaosema kwamba fyuzi nyingine huungua bila kosa la mtu. Ni kweli. Kila amplifaya inapowashwa, mkupuo wa umeme hupasha unyuzi na kuutikisa, na baada ya miaka huchoka. Lakini kustaafu si uhalifu, na mpya ikikaa bila kukatika, kesi imefungwa. Wengine, wajuzi zaidi, huuliza kwa nini tusitumie zile fyuzi za kisasa zinazojirudi zenyewe zikipoa. Zina nafasi yake, ila husamehe bila kuuliza: waya uliochubuka hubaki umechubuka, chaneli hupotea na kurudi, na fundi huletewa amplifaya ambayo kwake haina ugonjwa wowote. Kundi la tatu halina hoja, lina karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hawa huizungushia fyuzi iliyoungua, taa zikawaka, wakajiita mafundi. Katika amplifaya nyingi umeme wa rilei hutoka kwenye transfoma ileile inayolisha mashine nzima, mara nyingine kwenye msokoto uleule unaopasha valvu moto. Karatasi ya sigara haikatiki kwa nusu ampea. Kinachokatika ni msokoto wa transfoma, na transfoma haiuzwi kwa bei ya fyuzi, si Kariakoo wala Luthuli.

Kwa hiyo anayekwenda dukani aisome kwanza maiti, maana hata katika kifo imeandikwa kwenye kofia zake za chuma: ampea ngapi, volti ngapi, na herufi T kwa ile inayovumilia mkupuo au F kwa ile isiyovumilia. Namba hizo zikitofautiana na zilizochapwa kwenye bodi, fuata bodi, kwa sababu huenda marehemu naye aliwekwa na mtu wa karatasi ya sigara. Nunua mbili zinazolingana, na ya pili uibandike kwa ndani ya kasha, mbali na valvu.