Heri Mpangaji wa Warithi

Wenzangu husifu nyumba ya kupanga yenye vigae, geti na maji ya bomba ndani. Mimi nasifu nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa. Hii ninayoikalia Kabanga, Kasulu, ina wamiliki hapahapa, Mpanda na Mwanza, na mpangaji wake huwaamkia wenye nyumba wote shikamoo. Wanaoibeza hawajawahi kulala humo bila mkataba.

Kinachosifiwa hutajwa kwanza ukoo wake. Nyumba hii ilijengwa na babu, aliyekwenda mkonge Tanga akiwa manamba, kama Waha wengi wa rika lake, akarudi na fedha za bati na hamu ya kuonekana. Matofali yalichomwa kwenye tanuru la hapohapo uwanjani. Vyumba vinne, sebule, na baraza ya saruji ambayo mpaka leo ndiyo ofisi ya ukoo. Alifariki bila kuacha wosia, akiamini wanawe wanapendana. Walipendana kweli, ndiyo maana hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema tugawane.

Sheria haikuwatupa. Ukoo ulikaa kikao, muhtasari ukaandikwa, baba mkubwa akaupeleka Mahakama ya Mwanzo na kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Kanuni za 1971 humpa msimamizi miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Baba mkubwa ameuhifadhi uteuzi wake ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, na huutoa pale tu anapoulizwa yeye ni nani katika nyumba hii. Orodha itakuja. Na tusimharakishe, maana Tamko la Sheria za Mila la 1963 liliwapanga warithi katika madaraja matatu na kuwaweka mabinti la mwisho, na shangazi yangu wa Mpanda ni mtu asiyekubali daraja la tatu hata kwenye treni. Siku mgawanyo utakapofuata tamko lile, moto utawaka. Maadamu hatujagawana, shangazi ana nyumba nzima. Baba mkubwa naye ana nyumba nzima, na baba mdogo wa Mwanza vilevile. Ni serikali gani imewahi kuwapa watu watatu nyumba nzima nzima kutoka kwenye kiwanja kimoja?

Sasa fadhila zake kwa mpangaji. Kwanza, kodi haipandi. Mjini Kasulu wenye nyumba wamechangamka kwa miaka mingi kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea umati wa Warundi kuanzia 2015. Mashirika yalikuja na watumishi, watumishi wakataka vyumba vyenye dari, na dari ikajua thamani yake. Baba mdogo aliposikia akapiga simu kwamba nami nipandishiwe. Shangazi akamjibu, "Mtoto wa marehemu kaka yetu mnataka kumfanya mgeni?" Baba mkubwa akasema jambo hilo lingoje kikao. Tangu hapo linangoja, na kodi yangu iko palepale.

Ni kweli kwamba baba mkubwa huipokea kodi kama msimamizi, shangazi akaomba "ya sukari" kama shangazi, na baba mdogo akakopa kama baba mdogo. Michango ya misiba siihesabu. Ukijumlisha yote, nimekaribia bei ya nyumba yenye vigae, lakini nani katika nyumba za vigae anaitwa "mwanangu" kila anapotuma pesa?

Fadhila ya pili ni bati la chumba cha uani, linalovuja kwenye tundu la msumari uliopoteza mpira wake. Mvua za Kasulu hazina utani. Likianza kutona naweka sufuria, ikijaa naweka beseni, na kwa sauti tu najua kama ni saa ya kubadilisha. Nimemweleza kila mmiliki. Baba mkubwa anasema msimamizi hana ruhusa ya kubadili mali ya marehemu kabla haijaorodheshwa. Baba mdogo anasema chumba kile hakitakuwa fungu lake. Shangazi, kwa upole wote, huniuliza: "Na wewe si mwenye nyumba?"

Hapo ndipo utukufu wenyewe ulipo. Kwa kuwa baba yangu alikuwa mmoja wa watoto wa babu, nami nina fungu humu. Bati likivuja, mimi ni mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi ukifika, mimi ni mpangaji. Kikao kikikaa, mimi ni mtoto, na mtoto hukaa mkekani karibu na mlango ili awahi kutumwa. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi, huilipa anayenunua umeme; hapo cheo changu hakijaamuliwa, ila umeme nanunua mimi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka mwajiri wangu, ambaye namwacha bila jina, alipotangaza posho ya nyumba. Fomu ilitaka jina la mwenye nyumba, namba yake ya mlipakodi, uthibitisho wa umiliki, mkataba wa pango, na maelezo kama mwombaji ana maslahi yoyote katika nyumba hiyo. Nafasi ya jina la mwenye nyumba ilikuwa mstari mmoja, tena mfupi.

Nilitafuta wenzetu wa mbali wanafanyaje. Uingereza kuna ruzuku ya pango, na kanuni zake za 2006 humnyima anayepanga kwa ndugu wa karibu anayeishi naye nyumba moja, na yeyote ambaye upangaji wake si wa kibiashara. Lakini kwao ndugu wa karibu ni wazazi, watoto, kaka na dada, na wakwe na wa kambo. Baba mdogo na shangazi hawamo. Nilimsomea shangazi habari hizo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza watu hao huzikwa na nani. Hata hivyo kule nako ningekwama, si kwa sababu ya shangazi bali kwa sababu yangu mwenyewe: mwenye nyumba hapewi ruzuku ya kujilipa pango.

Habari ya posho ilipofika kwenye ukoo, upendo ulizidi. Baba mdogo alituma picha ya namba yake ya mlipakodi kabla sijamwomba. Shangazi, ambaye hakuwa nayo, alikwenda kuitafuta. Ofisi ikaongeza kwamba italipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba na kukata kodi ya zuio ya asilimia 10, na kwa mara ya kwanza nikaona wamiliki wakiachiana nafasi: wote walitaka pango, lakini cheti cha kukatwa kila mmoja alimpisha mwenzake kwa heshima.

Tuliandika mkataba barazani. Mpangishaji: warithi wa marehemu. Mpangaji: mimi. Wakaweka sahihi mmoja mmoja mpaka wakafika kwenye mstari wa baba yangu. Baba mkubwa akanisogezea kalamu. "Hapa utie wewe, ndiye uliyebaki." Nikatia kama mwenye nyumba, nikashuka chini nikatia kama mpangaji, na kwa kuwa shahidi alikuwa amekwenda shamba, nusura nishuhudie pia.

Fomu imerudi na alama ya kalamu nyekundu iliyozizunguka sahihi zangu mbili, na swali moja pembeni: huyu ni nani? Baba mkubwa amesema swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu mmoja. Kikao kimeitwa Desemba, watakapokuja wa Mwanza na Mpanda. Imeshaamuliwa kwamba mpangaji, kwa kuwa ndiye mwenye shida, atatoa mbuzi. Na mwenye nyumba anayekaa Kabanga, kwa kuwa wageni hawawezi kulala njaa kwake, atatoa mwingine.